Singo ya Nyambura

Mgeni alibisha siku ambayo Mwanasaumu alikuwa ameapa kutomfungulia mtu mlango. Alikuwa amejilaza kwenye mkeka sebuleni, feni imemwelekea, mkono wake wa kushoto umewekwa juu ya mto kama alivyofundishwa hospitali, maana tangu apasuliwe mkono ule ulivimba kila alipouchosha. Alisikia hodi ya kwanza akanyamaza. Ya pili akanyamaza. Ya tatu haikuwa hodi tena, ilikuwa sauti ya jirani yake, Mwanatabu.

"Yumo ndani huyo, bisha tu, nimemsikia akikohoa. Mwanasaumu, una mgeni. Atoka mbali na jua lamuunguza."

Mwanasaumu akainuka shingo upande, akafungua. Mlangoni alisimama mwanamke wa umri wa kuweza kuwa bintiye, amevaa sketi ndefu ya jinzi, kiondo begani, jasho likimchuruzika mashavuni.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa uangalifu wa mtu aliyefundishwa neno hilo njiani.

"Marahaba."

"Si ni hapa kwa mama wa singo?"

Jina lile lilimchoma. Kwa miaka mingi lilikuwa jina lake. Tangu Mlaleo hadi Frere Town, wasichana wengi walioolewa walipita kwanza mikononi mwake. Yeye ndiye aliyekuwa somo wao. Alimketisha mwari mkekani, amejifunga leso tupu, akamsugua kwa singo aliyoiponda mwenyewe, liwa na waridi na asumini na rihani, kuanzia nyayo hadi shingo, ngozi ikawa laini na yenye kung'aa. Na huku akisugua alimwambia mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyasema: kwamba mwili wake si kitu cha kufichia uso, autazame, aujue, aupende. Sharti lake lilikuwa moja. Mwili hausingwi nusu. Ukianza, unamaliza, hata kama nyumba inawaka moto.

Sasa kinu chake kilikuwa kimepinduliwa uani, kuku wanalala juu yake. Watu aliwaambia ni mkono. Mkono ulikuwa kweli, lakini haukuwa kweli yote. Somo naye hujifunga leso. Kazi ile ina jasho, leso huteleza, na wanawake wana macho.

"Singo sifanyi tena, mwanangu," alisema. "Nenda kwa Bi Ummi, nyumba ya tatu baada ya msikiti. Harusi lini?"

"Si ya harusi." Yule mgeni akageuka kuangalia kama Mwanatabu ameondoka. Hakuwa ameondoka. Akashusha sauti, akajigusa titi la kulia. "Ni ya hii."

Mwanasaumu alimtazama, kisha akamtazama jirani yake.

"Mwanatabu, chungu chako chaungua."

"Sijapika leo."

"Basi nenda kapike."

Akamvuta mgeni ndani, akafunga mlango.

Yule mwanamke hakugusa maji aliyopewa. Alisema kwamba ana uvimbe, kwamba umepimwa na jina lake limejulikana, na kwamba Alhamisi wanataka kumpasua waliondoe titi lote. Alisema maneno hayo haraka haraka, kama mtu anayesoma tangazo lisilomhusu. Kisha akapunguza mwendo. Kwenye benchi la hospitali alikutana na mama mmoja aliyemwambia kuwa kuna mwanamke Kisauni aliyeumwa hivyo hivyo, akakataa kisu, akajisugua singo, na uvimbe ukayeyuka. Watu walimwona kwa macho yao, anacheka, ngozi yake kama ya bibi harusi.

"Nimekuja kuchukua ya kutosha," alisema. "Hiyo Alhamisi siendi."

Mwanasaumu akaketi. Maneno aliyajua. Yalikuwa yake. Katika kile chumba cha dripu, ambako wanawake huketi wamechomekwa mirija wakitazama dari, yeye ndiye aliyekuwa akiwachekesha. Alijitwika kazi hiyo bila kutumwa na mtu. Siku moja mgonjwa mwenzake alimuuliza anajipaka nini hata ngozi haijasawijika, naye akajibu, "Singo, mwanangu. Ugonjwa ukinusa singo wakimbia hata viatu wasahau." Chumba kizima kilicheka, hata muuguzi. Yeye akarudi nyumbani, akaugeukia ukuta, asiseme neno hadi kesho yake. Na sasa mzaha ule ulikuwa umetembea, umevaa nguo nyingine, umerudi kubisha mlangoni kwake.

"Yale yalikuwa maneno ya kuchekesha," alisema. "Singo ni ya kulainisha ngozi tu."

"Niliambiwa mara ya kwanza utakataa. Watu wa Pwani mnaficha dawa zenu."

"Nani kakwambia?"

"Huyo huyo mama wa kwenye benchi."

"Huyo mama wa benchi ana kazi." Akajaribu kutabasamu. "Sikiza. Mimi nilipasuliwa. Walilitoa lote."

Mgeni akamtazama kifuani. Chini ya dera yalionekana matiti mawili, yamelingana. Uso wake ukawa mgumu.

"Aki mama, kama hutaki kunisaidia, sema tu. Usinidanganye."

Akachukua kiondo chake, akasimama.

Mwanasaumu aliona wazi yatakayofuata. Huyu akitoka hapa na maneno matupu, atakwenda kwa Bi Ummi atafute singo, na kama si kwa Bi Ummi ni kwa mwingine. Alhamisi itapita. Atasugua ngozi juu na ugonjwa utanawiri chini, hadi siku hata kisu kitakapokuwa hakina la kufanya. Na lililompeleka huko litakuwa ni kicheko cha chumba kimoja.

Lakini hakuna aliyewahi kuliona lile kovu isipokuwa madaktari na wauguzi. Hashim, mumewe, hakuliona. Tangu siku bendeji ilipoondolewa, alivua nguo zake gizani na kuoga amefumba macho. Hashim hakuuliza. Kila alfajiri alitoka kimya kwenda msikitini, akimwachia chai ndani ya chupa.

"Ngoja," alisema.

Alitia komeo, akafunga dirisha. Akampa mgeni mgongo, akashusha dera hadi kiunoni. Sidiria alikuwa ameishona mwenyewe, upande wa kushoto ameujaza vipande vya leso kuukuu na choroko kidogo za kutia uzito. Alipoivua, choroko zilichakacha. Kisha akakaza roho, akageuka.

Mgeni alitazama kwa muda mrefu. Hakupiga kelele wala hakuficha uso. Kovu lilipita kifuani kama mshono wa gunia, ngozi imenywea pembeni, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Inauma?"

"Mvua ikitaka kunyesha. Na siku nyingine nalihisi titi lingalipo. Chuchu yaniwasha, nami sijui nikune wapi."

Mgeni alicheka, na kicheko chake kikakatika katikati kikawa kilio. Mwanasaumu alimwacha alie.

"Bwana yako alisema nini?"

"Hajaona."

"Kwa hivyo mimi ndio wa kwanza."

"Wewe ndiye wa kwanza, na hata jina lako silijui."

"Nyambura," alisema, akijifuta pua kwa mkono. "Nakaa Changamwe. Bwana yangu, Bonface, anaendesha trela, anabeba makontena ya Kipevu hadi Malaba. Anarudi amechoka, mimi ndio nyumba yake. Sasa akinipata hivi?" Akanyamaza, akatazama kovu tena. "Siogopi kisu, mama. Naogopa kwamba baada ya hapo hakuna mtu atanigusa tena kwa hiari yake. Watanigusa na glavu."

Mwanasaumu alikuwa na maneno mengi ya kuwaambia wari, lakini hata moja halikufaa. Alichokuwa nacho ni mikono tu.

"Mimi nitakugusa," alisema. "Nenda Alhamisi. Kidonda kikifunga na daktari akiruhusu, njoo hapa, nitakusinga toka nyayo hadi shingo kama mwari wangu."

"Si umesema hufanyi tena?"

"Kwako nitafanya."

"Apa."

"Wallahi."

Nyambura akaitikia kwa kichwa. "Na usinifiche kitu. Huko hospitali kila mtu ananiambia nitakuwa sawa, hata yule wa kupiga deki."

"Sitakuficha."

Alhamisi ile Mwanasaumu hakula hadi simu ilipolia jioni. Ilikuwa sauti ya mwanamume, Bonface, akijitambulisha kwa adabu nyingi. Nyambura alikuwa ametoka chumba cha upasuaji, alikuwa amelala, na alipofumbua macho aliagiza mama wa Kisauni aambiwe kwamba alikwenda kama alivyoambiwa. Mwanasaumu akamshukuru Mungu, akaomba chakula, Hashim akashangaa.

Wakawa wakizungumza kwa simu. Mwanasaumu alimfundisha kutambaza vidole ukutani ili bega lisikaze, na namna ya kushona sidiria ya choroko. Kwa siku zile alijisikia mtu tena. Alianza hata kuwafukuza kuku juu ya kinu.

Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Aliusingizia mkeka. Akausingizia uzee, ingawa hakuwa mzee. Alipokwenda hospitali alikwenda akiamini atapewa vidonge. Walimpiga picha, wakamwambia arudi na mtu wa nyumbani, naye aliposikia maneno hayo akajua, akarudi na Hashim.

Daktari alikuwa binti mpole ambaye hakukimbilia kalamu yake. Alivuta kiti, akaketi karibu. Ugonjwa umerudi, alisema, uko kwenye uti wa mgongo na mbavu. Zipo dawa, zitaupunguza kasi, zitatuliza maumivu, na wengine huishi nao kwa muda mrefu. Lakini hautaondoka. Asinyanyue vitu vizito, asiinameiname, asiuchoshe ule mkono.

Mwanasaumu alifungua mdomo kusema jambo la kuchekesha. Ndivyo alivyozoea kufanya hospitalini mle, na daktari alikuwa akingoja kama anayelitarajia. Akaufunga tena. Hashim akaushika mkono wake, wakakaa hivyo, na nje mtu alikuwa akiita majina ya wagonjwa.

Nyumbani akajifungia. Wanawake walikuja na maneno yao ya subira, akawasikiliza kama mtu asikilizaye mvua juu ya mabati. Hakutaka kutiwa moyo. Alichoka kuwa yule mwanamke shujaa wanayemsimulia. Alitaka kulala tu, asiamshwe na mtu mwenye uso wa huruma. Ni Mwanatabu peke yake aliyekuja bila la kusema. Aliingia na bakuli la uji, akaliweka, akaenda kuosha vyombo vilivyorundikana, akaondoka. Kesho yake akarudi tena vilevile. Mwanasaumu hakuwahi kujua kuwa jirani yake anaweza kunyamaza, na ukimya ule ulimwonyesha ukubwa wa jambo kuliko picha za hospitali.

Katika siku hizo ndipo ujumbe wa Nyambura ulipoingia. Daktari amesema kidonda kimepona vizuri. Dripu inaanza Jumatatu. Naomba nije Jumamosi, mama. Niko tayari.

Alimpa Hashim simu. "Mwandikie kwamba naumwa."

Hashim akavaa miwani. "Niandike waumwa nini?"

Mwanasaumu akajivutia shuka.

"Nitasema homa?"

"Usiseme uongo." Akaugeukia ukuta. "Yule binti ameshika njia kwa sababu aliniona mimi nimesimama. Jumatatu aanza dawa. Akija akaniona hivi, akauliza, nami nikamwambia, atakimbia. Nisipomwambia nimevunja neno, maana niliahidi sitamficha. Bora asije kabisa."

"Na hilo la kumsinga, uliahidi pia?"

"Niliapa."

Hashim akaiweka simu juu ya meza bila kuandika kitu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Maisha yake yote kabla ya kustaafu aliyatumia kwenye feri ya Likoni akifunga na kufungua kamba. Akatoka uani. Punde Mwanasaumu akasikia kuku wakilalamika, halafu kinu kikipinduliwa na kuoshwa.

Siku ya pili yake alileta mzigo kutoka sokoni, akaanza kutwanga. Alitwanga vibaya kiasi kwamba Mwanasaumu hakuweza kuvumilia, akatoka akashikilia mwimo wa mlango.

"Watwanga kama wapigilia vigingi."

"Kazi niijuayo mimi ni kamba."

"Liwa haitaki nguvu, yataka mzunguko. Zungusha mchi."

Kichwa cha Mwanatabu kikachomoza juu ya ukuta. "Hashim, leo umekuwa somo?"

"Nimekuwa. Lete bintiyo."

"Sina binti, nina mimi mwenyewe."

"Wewe singo haikutoshi, labda nikukorogee saruji."

Mwanasaumu akacheka, na kicheko kikamchoma mgongoni kama kisu, akainama akilishika komeo. Hashim akaacha mchi, lakini yeye akamwashiria aendelee. "Asumini punguza," alisema alipopata pumzi. Harufu ya asumini, aliyoipenda maisha yake yote, tangu dripu ilimpandisha kichefuchefu. "La. Tia kama kawaida. Si yangu."

Jioni ile Mwanasaumu alimwandikia Nyambura neno moja, njoo, na Jumamosi asubuhi alijifunga leso. Mkono wa kushoto haukufika nyuma. Alijaribu, akajaribu tena, leso ikaanguka miguuni. Hashim alikuwa amesimama mlangoni na chetezo cha udi, na hakukuwa na giza, wala wakati wa kujificha. Akaona. Aliweka chetezo chini, akaokota leso, akampitishia kifuani, akafunga fundo ubavuni, taratibu, kisha akalikaza la pili.

"Hilo halitateleza," alisema, na sauti yake ilikuwa na maji. Akatoka kwenda barazani.

Nyambura alikuja na viazi na maparachichi kwenye kiondo, na tangu mlangoni alikuwa akiuliza, mkeka ukoje, avue nini, kama Bonface ataweza kuinusa harufu hii usiku wa leo. Daktari, alisema, kakataza kovu tu. Kwingine hakuna neno. Mwanasaumu aliketi kwenye kigoda kwa sababu hakuweza kuinama, akaiweka miguu ya Nyambura pajani mwake. Akachota singo, akaanza na nyayo.

Mikono ilikumbuka. Vidole vilikuwa na ganzi ya dawa za zamani, lakini kiganja kilijua njia yake, kisigino, kifundo, muundi, goti. Nyambura alikuwa amejikaza mwanzoni, kama aliye kwenye kitanda cha hospitali. Kidogo kidogo mwili ukalegea. Singo ilikauka na kuanguka vipande vipande, na ngozi chini yake ikawa na joto. Mwanasaumu akapanda mgongoni, mabegani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kujaa. Bangili ilizama nyamani. Kichefuchefu kilimjia akakimeza. Mgongo ulimpigia kelele naye akaunyamazia. Alipofika kifuani hakusugua. Alichovya vidole katika mafuta ya nazi, akazunguka mbali na kovu, kwa wepesi, palipokuwa na ngozi nzima.

Nyambura alifumba macho. "Hakuna glavu," alisema polepole.

"Hakuna."

Akamsinga mkono wa kulia hadi ncha za vidole. Hapo Nyambura akafumbua macho, akaiona ile bangili.

"Mama, mkono wako." Kisha akamtazama usoni, kwa makini sasa. "Umekonda. Unaendeleaje wewe?"

Feni ilizunguka. Mwanasaumu angeweza kusema mzaha. Ulikuwa tayari ulimini, ule wa viatu, angeweza kuugeuza kidogo tu.

"Umerudi," alisema. "Uko mgongoni na mbavuni. Wamesema hautoki."

Nyambura alijivuta, akakusanya leso kifuani. Alisimama. Mwili wake wote ulikuwa unang'aa, ila mkono wa kushoto ungali mkavu, wa rangi ya vumbi. Alikwenda hadi mlangoni, akashika komeo, akakaa hivyo amempa mgongo. Nje walimsikia Hashim akijibu salamu ya mtu.

"Umejua lini?"

"Kabla hujaandika kwamba uko tayari."

"Na ukaniacha nije."

"Niliapa."

"Lakini wewe ulifanya kila kitu. Kisu, dripu, kila kitu walichosema." Sauti yake ikapasuka. "Basi mimi Jumatatu naenda kufanya nini?"

Mwanasaumu alitafuta jibu katika yote aliyowahi kuwaambia wari, katika yote aliyoambiwa na waliokuja na subira zao. "Kwenda ni bora kuliko kutokwenda, hilo najua. Ugonjwa wako si wangu, huenda usirudi kamwe. Zaidi ya hapo sijui, mwanangu. Ningejua ningekwambia."

Nyambura alilia akiwa amesimama, paji la uso mlangoni. Mwanasaumu hakumwita. Mkono ulikuwa ukimwanga sasa hadi shingoni, na alijua kwamba usiku ungekuwa mrefu na kesho yake asingeweza kuinua hata kikombe. Bakuli lilikuwa mapajani mwake, singo ikianza kukauka pembeni. Akanyunyiza marashi kidogo, akaikoroga kwa kidole ili isigande.

Baada ya muda komeo liliachiwa. Nyambura akarudi, akaketi mkekani, macho mekundu.

"Tuache hapa, mama. Umechoka. Inatosha."

"Haitoshi," alisema Mwanasaumu, akachota singo iliyobaki. "Umebaki mkono mmoja. Ulete."